Leleti Khumalo: Densi, Jukwaa na Heshima ya Lugha ya Mama

Usiku wa tarehe 28 Januari 1988, msichana wa miaka 17 kutoka kitongoji kimoja kaskazini mwa Durban alipanda jukwaani katika ukumbi wa Cort, Broadway, jijini New York, akiwa amevaa sare ya shule. Aliigiza, akaimba na kucheza densi kwa pamoja, tena kwa lugha mbili: Kiingereza na Kizulu. Jina lake ni Leleti Khumalo. Mchezo wenyewe ulikuwa Sarafina!, tamthilia ya muziki iliyotungwa na kuelekezwa na Mbongeni Ngema. Muziki wake ulitungwa na Ngema huyo huyo pamoja na mpiga tarumbeta mashuhuri Hugh Masekela.

Wengi wetu hapa Kenya tulimjua Leleti baadaye, kupitia filamu ya mwaka wa 1992 yenye jina hilo hilo. Kuna watu wa rika fulani nchini ambao hadi leo ukiwatajia Sarafina wanakumbuka msichana mwembamba, macho makali, akiwaongoza wanafunzi wenzake kwa wimbo na kwa miguu. Lakini safu hii ni ya lugha, na kilichonifanya nimwandike leo ni swali la lugha. Je, lugha ya Kiafrika hupata vipi heshima machoni pa watu wake na machoni pa dunia? Jibu tulilozoea ni sheria, matamko na makongamano. Maisha ya Leleti Khumalo yanatupa jibu jingine, na ningependa tulipime pamoja.

Tuanze alikozaliwa. Leleti alizaliwa mwaka wa 1970 katika kitongoji cha KwaMashu. Msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja hiyo kwa- iliyo mwanzoni mwa jina. Ni ile ile tunayoisikia Kenya katika majina kama Kwa Njenga au Kwa Vonza. Mashu ni matamshi ya Kizulu ya Marshall, yaani Marshall Campbell, tajiri wa mashamba ya miwa aliyeimiliki ardhi ya sehemu hizo. KwaMashu kwa hivyo ni "kwa Marshall". Serikali ya ubaguzi wa rangi ilikijenga kitongoji hicho kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwahamishia Waafrika waliofurushwa Cato Manor, karibu na katikati ya jiji la Durban. Hivyo basi, hata kabla hajafungua kinywa, mtoto wa KwaMashu alikuwa anaishi ndani ya jina la mwenye shamba, lililotamkwa kwa ulimi wa wenyeji. Baba yake alifariki Leleti akiwa mdogo sana, akalelewa na mama katika hali ya uhitaji.

Alipokuwa na miaka sita, jambo likatokea mbali na kwao, huko Soweto, ambalo lingekuja kuwa kiini cha kazi yake. Mwaka wa 1974 serikali ya Makaburu ilikuwa imeamuru kwamba katika shule za Waafrika nusu ya masomo, yakiwemo hesabu, yafundishwe kwa Kiafrikana, au Kikaburu kama wengi walivyozoea kukiita. Walimu wengi hawakukimudu. Wanafunzi walikiona kuwa lugha ya polisi na ya pasi. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu yao waliandamana, wengi wakitoka shule kama Morris Isaacson. Polisi wakafyatua risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akauawa, na picha yake akiwa amebebwa mikononi ikazunguka ulimwengu mzima. Mamia ya watu waliuawa katika miezi iliyofuata. Hiyo ndiyo sababu kila tarehe 16 Juni sisi pia huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyotangazwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Hapa pana jambo ambalo hotuba nyingi za tarehe hiyo hulipita haraka. Wanafunzi wa Soweto walikataa Kiafrikana, lakini hawakudai kufundishwa hesabu kwa Kizulu wala Kisotho. Wengi walitaka Kiingereza. Tusiwalaumu. Sera ya elimu ya Wabantu, iliyoanza kwa sheria ya mwaka wa 1953, ilikuwa imetumia lugha za mama kama kizuizi: soma kwa lugha yenu, kisha mbaki huko huko chini. Mtoto akiona lugha yake imegeuzwa kuwa ukuta, hataipigania darasani. Kwa hivyo, mwaka wa 1976 uliiangusha lugha moja ya kulazimishwa bila kuzipandisha lugha za Waafrika shuleni. Kazi hiyo ya pili ilihitaji mahali pengine pa kufanyikia, na moja ya mahali hapo palikuwa jukwaani.

Haya basi, turudi KwaMashu. Katikati ya miaka ya 1980, Leleti alikuwa katika kikundi cha vijana cha densi na maigizo kilichoitwa Amajika, chini ya ulezi wa mwanamuziki Tu Nokwe. Hakikuwa chuo cha sanaa. Kilikuwa ni uani tu, watoto wakifanya mazoezi. Hapo ndipo Mbongeni Ngema alipomwona, akitafuta vijana wa mchezo mpya.

Ngema wakati huo alikuwa na jina tayari. Yeye na Percy Mtwa, wakishirikiana na Barney Simon, walikuwa wametunga Woza Albert! mwaka wa 1981, mchezo wa watu wawili uliouliza ingekuwaje Yesu akirudi na kushukia Afrika Kusini ya ubaguzi. Baadaye akatunga Asinamali! Hebu msomaji alitazame neno hili. Asi- ni kikanushi cha nafsi ya kwanza wingi, sawa na hatu- yetu. Na ni ile ile na ya kumiliki. Mali, katika Kizulu, ni pesa. Asinamali ni "hatuna mali", yaani hatuna pesa! Ilikuwa kauli ya wapangaji waliogomea kuongezewa kodi za nyumba. Mswahili haihitaji sana mkalimani hapo. Hata jina isiZulu lenyewe limejengwa kama Kiswahili: isi- ya kwao ni ki- ya kwetu.

Ngema aliwakusanya vijana zaidi ya ishirini, akaishi na kufanya kazi nao Johannesburg, akiwafunza sauti, mwili na nidhamu. Uhusika mkuu, wa msichana aitwaye Sarafina, aliutunga akimlenga Leleti. Mchezo ulifunguliwa katika ukumbi wa Market jijini Johannesburg mwezi Juni mwaka wa 1987, wakati nchi ikiwa katika hali ya hatari. Unasimulia wanafunzi wa Morris Isaacson wanaoandaa tamasha la shule huku askari wakiwazunguka. Katika tamasha hilo wanaigiza siku ambayo Nelson Mandela atatoka gerezani, na Sarafina, msichana, ndiye anayechukua nafasi ya Mandela. Kumbuka ni mwaka wa 1987. Mandela alitoka tarehe 11 Februari 1990. Vijana hao waliicheza siku hiyo usiku baada ya usiku kabla haijafika.

Sasa tuzungumzie kazi yenyewe, maana ni rahisi kusema "aliimba na kucheza" kana kwamba ni mchezo wa watoto. Tamthilia ya muziki ni mchezo ambao hadithi yake husukumwa na wimbo na densi. Mwigizaji akifika mahali ambapo maneno hayatoshi, anaimba; wimbo usipotosha, mwili unapokea. Muziki wa Sarafina! ni mbaqanga, muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini wenye gitaa la besi linalovuma na mwendo usiokuruhusu kukaa. Kuucheza kwa saa mbili, huku ukiimba kwa sauti iliyonyooka na ukihifadhi hisia za mhusika, ni kazi ya pumzi na misuli. Mwimbaji anahitaji kifua kitulie. Mcheza densi kifua chake kinapanda na kushuka. Kuvipatanisha viwili hivyo ni mafunzo ya miezi mingi, na wakati mwingine ya miaka.

Wataalamu wa Magharibi huzihesabu sanaa hizi kuwa tatu, kisha hustaajabu kuziona zimeungana katika mtu mmoja. Sisi tuna neno ngoma. Kiswahili hulitumia kwa chombo kinachopigwa, kwa uchezaji, kwa wimbo unaoandamana nao, na hata kwa mkusanyiko wenyewe: "leo kuna ngoma". Kizulu kina ingoma, neno la wimbo na la densi, na pia isangoma, yaani mganga, ambalo limetoka katika mzizi huo huo. Lelemama ya akina mama wa Mombasa, yenye mashairi yake na miondoko yake, ni ushahidi kwamba hata katika pwani yetu sanaa hizi hazikutenganishwa. Nikifundisha fasihi simulizi huwaambia wanafunzi kwamba fanani haongezi densi juu ya maneno kama mtu anayeongeza chumvi mchuzini. Densi ni sehemu ya kauli. Leleti Khumalo ni fanani wa aina hiyo, aliyepelekwa katika jumba la kisasa lenye tiketi na taa.

Kutoka Johannesburg mchezo ulipelekwa New York, ukaanzia katika ukumbi mdogo wa Lincoln Center mwezi Oktoba mwaka wa 1987, kisha Januari iliyofuata ukahamia Broadway. Huko ulichezwa mara 597, hadi Julai mwaka wa 1989. Uliteuliwa kuwania tuzo tano za Tony, zikiwemo ya tamthilia bora ya muziki na ya usanifu wa densi. Leleti mwenyewe aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike katika tamthilia ya muziki, alipokuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 18. Mwaka huo The Phantom of the Opera ndiyo iliyozoa tuzo kuu, na Sarafina! haikushinda hata moja. Hata hivyo, idadi hiyo ya maonyesho inajieleza.

Hadhira ya New York ilielewa nini? Mazungumzo mengi yalikuwa kwa Kiingereza, lakini Kizulu kilikuwa kimejaa katika nyimbo. Sehemu kubwa ya watazamaji hawakujua hata neno moja. Walielewa kwa sababu mwili wa mchezaji ulikuwa unawafasiria. Wapo waliouliza, huko na Afrika Kusini pia, kama mateso ya watoto hayageuzwi kuwa burudani kwa wageni wenye pesa. Swali hilo ni halali, tena ni zito. Mtu anaweza kupiga makofi, akatoka nje na kusahau. Nadhani jibu liko katika kile ambacho mchezo ulikataa kufanya. Haukuitafsiri kila kitu ili kumridhisha mgeni. Ulimwachia mgeni sehemu ambazo ilimpasa ajitahidi, kama ambavyo mtoto wa KwaMashu alilazimika kujitahidi na Kiingereza miaka yote. Kwa saa mbili, kipimo kilikuwa Kizulu.

Mkenya hawezi kusoma historia hii bila kukumbuka ya kwao. Mwaka mmoja baada ya Soweto, tarehe 2 Oktoba 1977, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Nao ulikuwa mchezo wa nyimbo na densi, kwa lugha ya Kikuyu, ukichezwa na wakulima na vibarua. Tarehe 16 Novemba serikali ikaufutia kibali. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka wa 1982 kikundi hicho kilipojaribu tena kwa mchezo wa muziki Maitũ Njugĩra, kilifungiwa milango ya Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, kisha jukwaa lake la Kamirithu likabomolewa.

Ninaitaja Kamirithu kwa sababu moja. Watu hupenda kusema kwamba Afrika Kusini "ina vipaji" kutuliko. Si kweli. Amajika ya KwaMashu na kituo cha Kamirithu vilikuwa ndugu: vijana na wazee wa kawaida, lugha yao, wimbo na densi. Tofauti ni kwamba kikundi kimoja kilipata mtu wa kukipeleka hatua iliyofuata, na kingine kikabomolewa. Ubaguzi wa rangi, pamoja na ukatili wake wote, haukufaulu kuufunga ukumbi wa Market. Sisi, tukiwa huru, tulibomoa letu. Ngaahika Ndeenda ilirudi katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo mwaka wa 2022, ikichezwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ulipopigwa marufuku alikuwa na miaka 44 au 45. Kizazi kizima cha akina Leleti wa Kenya kilipita bila jukwaa hilo.

Turejee kwa Leleti. Mwaka wa 1992 ilitoka filamu ya Sarafina!, iliyoelekezwa na Darrell James Roodt. Whoopi Goldberg aliigiza mwalimu wa historia, Miriam Makeba akawa mama yake Sarafina, John Kani akawa mwalimu mkuu, na Leleti akabaki Sarafina. Hili la mwisho si jambo dogo. Historia ya tamthilia za muziki imejaa wanawake waliozaa uhusika jukwaani, filamu ilipokuja uhusika huo ukapewa mwenye jina kubwa zaidi. Leleti hakupokonywa. Ndiyo maana sura tunayoikumbuka sisi ndiyo iliyokuwa Market mwaka wa 1987.

Mwaka wa 1995 aliigiza katika filamu iliyotokana na riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country, pamoja na James Earl Jones. Kuna sadfa hapa ya kupendeza: mwaka wa 2022 ule ukumbi wa Cort ulipewa jina jipya, na sasa unaitwa ukumbi wa James Earl Jones. Leleti na Ngema waliwahi kuwa mume na mke, kisha wakaachana; mengine ya nyumba yao tuwaachie wenyewe. Ngema alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 27 Desemba 2023.

Pana kisa kimoja cha miaka hiyo chenye funzo. Mwaka wa 1995 serikali mpya ya Afrika Kusini ilimpa Ngema zaidi ya randi milioni 14 atunge Sarafina! ya pili, ili kuwafunza vijana kuhusu Ukimwi. Kelele zikazuka juu ya gharama, juu ya jinsi zabuni ilivyotolewa na juu ya ujumbe wenyewe. Mkaguzi wa malalamishi ya umma akachunguza mwaka wa 1996, na mradi ukasitishwa. Jina kubwa na pesa nyingi havikutosha.

Miaka minane baadaye, mwaka wa 2004, Leleti akaigiza katika filamu ya kimya kimya iliyoifanya kazi ile ile kwa ufanisi. Inaitwa Yesterday, na mwelekezaji ni Roodt yule yule. Mhusika mkuu ni mama wa kijijini, katika nchi ya Wazulu. Baba yake alimpa jina la Yesterday kwa kuwa aliamini mambo ya jana yalikuwa bora kuliko ya leo. Mume wake ni mchimba migodi Johannesburg. Anagundua kwamba ana virusi vya Ukimwi. Yeye mwenyewe hakusoma. Anataka jambo moja tu: aishi hadi amwone bintiye, Beauty, akiingia shuleni siku ya kwanza.

Filamu nzima ni kwa Kizulu. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya kibiashara katika lugha hiyo, na ikawa filamu ya kwanza ya Afrika Kusini kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kitengo cha lugha za kigeni. Humo Leleti haimbi jukwaani wala hachezi densi. Lakini mtazame anavyotembea. Mwanzoni anapanda vilima kwenda zahanati akiwa na nguvu. Baadaye hatua zinapungua, bega linashuka, pumzi inakatika. Ni mcheza densi pekee anayeweza kuueleza ugonjwa kwa jinsi anavyoweka mguu chini. Mafunzo ya mbaqanga hayakupotea. Yalihamia katika mwendo.

Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja utaona zinaongea. Katika Sarafina! watoto wanauawa kwa sababu ya lugha ya shule. Katika Yesterday mama anayekufa anaitazama shule kama ahadi, na anaitamka ahadi hiyo kwa Kizulu, mbele ya daktari Mzungu anayemjibu kwa Kizulu. Kati ya 1987 na 2004 palikuwa na Katiba ya 1996 iliyotambua lugha rasmi 11. Katiba ilifungua mlango, lakini filamu kama hii ndiyo iliyomwonyesha raia kwamba lugha yake inaweza kubeba kifo, upendo, tiba na elimu bila kuomba msaada.

Tangu hapo amekuwa zaidi katika runinga. Kuanzia mwaka wa 2015 aliigiza MaNzuza katika Uzalo, tamthilia ya mfululizo ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zinazotazamwa zaidi Afrika Kusini. Lugha yake kuu ni Kizulu, na hadithi yake imewekwa wapi? KwaMashu! Msichana aliyetoka uani kwa Amajika akaenda Broadway, akarudi kuigiza mtaani kwao, na nchi nzima ikawasha runinga kumsikiliza. Kisha mwaka wa 2018 ikaja Imbewu, ambayo alikuwa mmoja wa wazalishaji wake. Alitoka kuwa mwajiriwa wa hadithi za wengine akawa mwenye sauti katika kuamua hadithi ipi isimuliwe.

Nayo majina hayo mawili, jamani, ni darasa la isimu. Uzalo linatokana na kitenzi -zala. Kiswahili kiliidondosha l katikati ya irabu, kikabaki na -zaa, kama ambavyo -thwala ya Kizulu, yaani kubeba, ni jamaa ya -twaa yetu. Kwa hivyo Uzalo ni jamaa wa karibu wa uzao na uzawa. Imbewu ni mbegu, bila maelezo zaidi. Mtu wa Lamu na mtu wa KwaMashu, waliotenganishwa na maelfu ya kilomita, bado wanaitana kwa maneno haya.

Udugu huo unanirudisha kwa Kiswahili, na hapa sina budi kusema jambo ambalo huenda lisipendeze. Mwezi Novemba 1997 The Lion King ilifunguliwa Broadway, na bado inachezwa. Tunajivunia kwamba ina Simba, Rafiki na ile kauli yetu ya "hakuna matata". Lakini mwito unaofungua mchezo huo, ule unaowasimamisha watazamaji nywele, umeimbwa kwa Kizulu, na tangu mwanzo waimbaji na wacheza densi kutoka Afrika Kusini wamekuwa uti wa mgongo wa maonyesho hayo. Kiswahili kilitoa majina. Kizulu kikatoa watu. Jina unaweza kulichukua kamusini ukiwa umeketi. Mtu anayeweza kuimba, kucheza na kuigiza kwa lugha yake kwa kiwango hicho hapatikani kamusini. Lazima awe amelelewa, amefunzwa na kupewa jukwaa.

Kwa sensa ya mwaka wa 2022, Kizulu ndiyo lugha ya nyumbani ya takriban asilimia 24 ya watu wa Afrika Kusini. Kiswahili kina wasemaji wengi zaidi, kina Siku yake ya Kimataifa kila tarehe 7 Julai, na Katiba yetu ya 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Matamko tunayo ya kutosha. Kila mwaka, katika tamasha za kitaifa za drama za shule na vyuo, mimi na wewe huona watoto wakicheza densi za ubunifu na kuigiza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama kwa ustadi wa kutisha. Wiki moja baadaye tamasha huisha, basi la shule huwarudisha, na mwaka unaofuata wengi wao wako kwingine kabisa. Hakuna Ngema anayesubiri langoni, hakuna kampuni ya kudumu ya tamthilia ya muziki ya Kiswahili inayowaajiri, na walimu waliowafunza hurudi kusahihisha insha.

Kwa hivyo pendekezo langu ni dogo na linaweza kutekelezwa. Kaunti zetu zina kumbi. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili, za muziki na za sanaa za maonyesho, ambazo kwa kawaida hazisalimiani. Idara hizo tatu zikiwachukua vijana ishirini tu wa tamasha za drama, zikae nao kwa mwaka mmoja na kuwatungia mchezo mmoja wa Kiswahili wa nyimbo na densi, tutakuwa tumefanya kilichofanywa na Ngema kwa pesa chache mwaka wa 1986 na 1987. Amajika ilianza uani. Ua tunazo.